Mada ya semina kuhusu modeli ya malaria ya Ross na Macdonald: R0 ipi nitumie, na nithibitishe nini ubaoni?

hisabati_vitendo (mleta mada)

Habari wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaofanya modeli za magonjwa, hasa waliozoea kuzieleza mbele ya watu mchanganyiko.

Nimepangiwa mada kwenye semina ya utafiti ya idara: dakika 45 za kuzungumza na 10 za maswali. Ukumbini watakuwepo walimu wa hisabati (wengi ni wa aljebra na uchanganuzi), wanafunzi wa uzamili, na wageni kutoka afya ya jamii na entomolojia. Somo ni matumizi ya milinganyo tofautishi kwenye malaria, nikianza na modeli ya Ross na Macdonald katika umbo lake jepesi:

dx/dt = m·a·b·y·(1 − x) − r·x
dy/dt = a·c·x·(1 − y) − μ·y

Hapa x ni sehemu ya watu wenye vimelea na y ni sehemu ya mbu wenye vimelea. Thamani za mfano: m = 10 (mbu kwa kila mtu), a = 0.3 (mara ambazo mbu mmoja huuma mtu kwa siku), b = c = 0.5 (uwezekano wa vimelea kuvuka mbu anapouma), r = 0.01 kwa siku (kasi ya watu kupona), μ = 0.1 kwa siku (kasi ya mbu kufa), na τ = siku 10 za vimelea kukomaa ndani ya mbu.

Nimekwama mahali patatu.

Kwanza, R0, yaani wastani wa maambukizi mapya yanayotokana na mwenye vimelea mmoja. Fomula ya vitabu vya malaria, R0 = m·a²·b·c·e^(−μτ)/(r·μ), inanipa 82.8. Nikitumia matriki ya kizazi kijacho napata 9.1, yaani kipeuo cha pili cha namba ileile. Nionyeshe ipi?

Pili, badala ya e^(−μτ), ile sehemu ya mbu wanaoishi hadi vimelea vikomae, nilijaribu kuongeza kundi la mbu ambao vimelea vyao havijakomaa, wanaotoka kundi hilo kwa kiwango cha 1/10 kwa siku. R0 ikawa 112.5. Aljebra nimeipitia na haina kosa. Tofauti inatoka wapi?

Tatu, nina slaidi 38, zikiwemo 6 za uthibitisho wa uthabiti kwa njia ya Lyapunov. Nibakize nini?

---

Mwl_Uchanganuzi

Mkuu, nianze na R0 maana hapo ndipo ubishi utakapoanzia.

Namba zote mbili ni sahihi, ila zinahesabu vizazi kwa namna tofauti. Matriki inahesabu kila kuvuka kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine kuwa kizazi kimoja. Kwa thamani zako, mtu mmoja mwenye vimelea, katika siku zake 100 za ugonjwa, anazalisha mbu 10 × 0.3 × 0.5 × 0.368 ÷ 0.01 = 55.2 watakaoishi hadi waweze kuambukiza. Mbu mmoja wa hao, katika siku zake zilizobaki, anaambukiza watu 0.3 × 0.5 ÷ 0.1 = 1.5. Mzunguko mzima wa mtu kwa mtu ni 55.2 × 1.5 = 82.8. Matriki yako ina sifuri kwenye ulalo na hizo namba mbili pembeni, kwa hiyo thamani aigeni (eigenvalue) yake kubwa ni kipeuo cha pili cha zao lao. Njia hiyo ilianzishwa na Diekmann, Heesterbeek na Metz mwaka 1990, na umbo ambalo wengi wanalitumia kwenye milinganyo kama yako ni la van den Driessche na Watmough la 2002. Macdonald, miaka ya 1950, alihesabu mtu kwa mtu.

Kizingiti cha ugonjwa kuenea ni 1 kwa zote mbili, ndiyo maana watu wa hisabati huona hakuna tatizo. Tatizo linakuja pale mtu wa afya anapochukua namba yako na kuiingiza kwenye 1 − 1/R0 ili ajue ni asilimia ngapi ya watu wakingwe. Akitumia 9.1 anapata asilimia 89. Akitumia 82.8 anapata asilimia 98.8. Jibu la modeli yako ni hilo la pili, kwa sababu kinga ya watu inapunguza hatua moja tu ya mzunguko, ile ya mbu kwenda kwa mtu. Vivyo hivyo kwa mbu: ukitaka kuzima maambukizi kwa kupunguza m peke yake, lazima uigawe kwa 82.8. Roberts na Heesterbeek walilifafanua jambo hili mwaka 2003 kwa hatua za udhibiti zinazolenga aina moja ya kiumbe.

Ushauri wangu: tumia 82.8 mada nzima, na kwenye slaidi ileile inapotokea kwa mara ya kwanza andika kwa maneno kamili, "wastani wa watu wapya wanaopata vimelea kutoka kwa mtu mmoja, kupitia mbu, katika jamii isiyo na ugonjwa." Kipeuo kitaje kwa mdomo, sentensi moja. Mwenye kujua matriki ataridhika, na asiyejua hatachanganyikiwa.

Sasa uthibitisho. Ondoa zote 6 za Lyapunov. Si kwamba hazina thamani, ila fanksheni ya Lyapunov ikionyeshwa ukutani inaonekana imetoka hewani, na hakuna anayeweza kuikagua kwa kasi ya slaidi. Mfumo wako una vigeu viwili tu, x na y, kwa hiyo uthibitisho wa kuchora ubaoni unatosha na unachukua dakika 6.

Chora mhimili wa x wa mlalo na wa y wa wima. Weka dx/dt = 0, unapata y = r·x / (m·a·b·(1 − x)). Mstari huu unaanzia (0,0), unapinda kwenda juu na kupaa bila kikomo x ikikaribia 1. Weka dy/dt = 0, unapata y = a·c·x / (μ + a·c·x). Huu nao unaanzia (0,0) lakini unapinda kwenda chini. Wa kwanza una mteremko r/(m·a·b) pale mwanzo, wa pili una a·c/μ. Kwa sababu ya jinsi inavyopinda, mistari hii inakutana tena ndani ya mraba kama, na tu kama, mteremko wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Gawanya mmoja kwa mwingine: m·a²·b·c/(r·μ) > 1. R0 imejitokeza yenyewe, bila matriki na bila kipeuo. Kisha chora mishale kwenye kila eneo. Kila mtu ataona njia zote zinaelekea kwenye makutano. Hapo ndipo unaongeza e^(−μτ) na kueleza imetoka wapi.

Angalizo moja la mchoro. Usiuchore kwa m = 10. Miteremko ikiwa imezidiana karibu mara 83 hata baada ya kutia e^(−μτ), mstari wa kwanza utalala juu ya mhimili na makutano yatabanwa ukingoni mwa kulia, hivyo hakuna atakayeona kitu. Tumia m = 0.5. Ukishatia e^(−μτ), R0 inakuwa 4.14 na makutano yanaangukia x = 0.557, y = 0.167, pazuri katikati ya mchoro. Mhimili wa y uishie 0.4, kwa sababu y haiwezi kuzidi e^(−1) = 0.368.

---

MbuNaNamba

Nakazia hoja ya Mwalimu kuhusu kipeuo. Mimi nijibu lile la 112.5, maana ndilo lenye sayansi nyingi na nadhani ndilo linalopaswa kuwa kiini cha mada yako.

Ukiweka kundi moja la mbu wa kati wanaotoka kwa kiwango σ = 1/τ, umesema kimyakimya kwamba muda wa vimelea kukomaa unatofautiana mno kati ya mbu na mbu: wengine siku 1, wengine siku 30, wastani 10. Sehemu ya mbu wanaofika salama inakuwa σ/(σ + μ) = 0.1/0.2 = 0.5. Muda ukiwa siku 10 kamili kwa kila mbu, sehemu hiyo ni e^(−1) = 0.368. Ndipo ilipotoka tofauti ya 112.5 na 82.8.

Unaweza kusema 112 na 83 zote ni kubwa, kuna shida gani? Shida inaonekana ukigusa μ. Tuseme upuliziaji wa dawa ukutani umeongeza vifo vya mbu mara mbili, μ = 0.2, vingine vyote vibaki vilevile. Kwa muda kamili, R0 inashuka kutoka 82.8 hadi 15.2, yaani mara 5.4. Kwa kundi moja la kati inashuka kutoka 112.5 hadi 37.5, mara 3 tu. Modeli mbili zenye wastani uleule wa siku 10 zinatoa ushauri tofauti kuhusu faida ya dawa. Mtu wa programu ya malaria lazima alijue hilo.

Kipo kipatanishi. Badala ya kundi moja, panga makundi n mfululizo, kila moja na kiwango n/τ. Sehemu ya wanaofika inakuwa (1 + μτ/n)^(−n). Kwa n = 1 ni 0.5, kwa n = 5 ni 0.402, kwa n = 10 ni 0.386, kwa n = 20 ni 0.377. Kadiri n inavyokua inaikaribia 0.368. Faida yake ni kwamba unabaki na milinganyo ya kawaida, huhitaji programu ya milinganyo yenye ucheleweshaji. Slaidi moja yenye namba hizo nne itawafurahisha watu wa uchanganuzi, maana ni kikomo kilekile cha e wanachokifundisha mwaka wa kwanza, na hapa kinaamua kama dawa inafaa.

Pia usiiache τ kama namba iliyogandishwa. Kwa kimelea cha malaria cha Plasmodium falciparum, kanuni inayotumika sana ni τ = 111/(T − 16), T ikiwa wastani wa joto kwa selsiasi. Kwenye nyuzi 27 unapata takriban siku 10. Kwenye nyuzi 20 unapata takriban 28, na e^(−2.8) ni karibu 0.06. Mbu walewale, vifo vilevile, lakini wanaofika kuambukiza wamepungua karibu mara sita. Ndiyo sababu nyanda za juu kama Kericho zinafuatiliwa sana joto linapopanda kidogo. Kanuni hiyo haina maana chini ya nyuzi 16, na ukiingiza joto la kila siku badala ya wastani wa mwezi itakurukia kwenye usiku wa baridi, T ikikaribia 16. Weka kizuizi kwenye kodi ya programu yako.

Sasa unyeti, yaani jinsi R0 inavyoitikia kila parameta. Huhitaji grafu nyingi, jedwali moja linatosha. Kwa thamani zako, parameta ikipanda asilimia 1, R0 inabadilika hivi: m inaipandisha asilimia 1, a inaipandisha 2 kwa sababu mbu lazima aume mara mbili, kuchukua na kupeleka, r inaishusha 1, μ inaishusha 1 + μτ, yaani 2. Hilo la mwisho ndilo alilolisisitiza Macdonald: umri wa mbu umekaa kwenye kipeo, wingi wake umekaa nje. Nusu ya mbu wakiondolewa kwa kuua viluwiluwi, R0 inabaki 41.4. Mbu wakibaki wengi vilevile lakini umri wao ukawa nusu, ni 15.2. Ukipunguza a kwa nusu ni 20.7. Chandarua chenye dawa kinagusa a na μ kwa pamoja, na hapo wasikilizaji wenyewe watazidisha.

Ila jihadhari. Mtu wa entomolojia atakuuliza: mbu wakifa haraka mara mbili, idadi yao inabakije 10 kwa mtu? Atakuwa sahihi. Kama mbu wapya wanazaliwa kwa kasi isiyobadilika, basi m yenyewe ni kasi hiyo ÷ μ, na inashuka hadi 5. R0 inakuwa 7.6 na unyeti wa μ unakuwa 3, si 2. Amua mapema unatumia dhana ipi na uitaje kabla hujaulizwa.

---

Bi_Takwimu

Kaka, michango hapo juu imekaa vizuri. Naongeza upande wa data, kwa sababu wageni wako wa afya hawapimi R0. Wanapima asilimia ya watoto wenye vimelea, na idadi ya mbu waliotua kwenye mtego.

Kwenye hali ya msawazo modeli inatoa x* = (R0 − 1)/(R0 + a·c/μ). Ingiza namba zako. R0 = 82.8: x* ni asilimia 97. Dawa imepulizwa, R0 = 15.2: x* ni asilimia 89. Hata ukichukua 7.6 ya dhana ya pili, x* ni asilimia 79. Maambukizi yamepungua zaidi ya mara kumi, lakini mpimaji anayetoboa vidole vya watoto anaona asilimia 97 imekuwa 79. Atasema dawa haifanyi kazi. Grafu ya x* dhidi ya R0, mhimili wa mlalo ukiwa kwenye skeli ya logi kutoka 1 hadi 1,000, ndiyo grafu moja ninayoomba usiikose. Inapanda ghafla karibu na 1, kisha inalala. Huko ilikolala ndiko maeneo mengi yenye malaria kali yalikokuwa: makadirio ya Smith na wenzake yaliyochapishwa 2007 kwa jamii za Afrika yalianzia karibu 1 hadi zaidi ya 3,000.

Kuna mfano wa kweli wa kuweka pembeni ya grafu hiyo. Mradi wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya 1969 na 1976, ulipulizia dawa ya mbu ya propoxur majumbani na kufuatilia mbu na watu kwa undani wa hali ya juu. Maambukizi kutoka kwa mbu yalishuka sana, lakini watu wenye vimelea walipungua kwa kiasi kidogo. Mradi huo ndio uliozaa modeli ya Dietz, Molineaux na Thomas ya 1974, iliyoingiza kinga ya mwili. Na hapo useme wazi: asilimia 97 ya modeli yako ni kubwa mno kwa watu wazima kwa sababu modeli ya Ross na Macdonald haijui kinga. Anayepona anarudi kuwa kama hajawahi kuumwa. Ukilisema wewe ni mpaka wa modeli. Akilisema daktari kwenye maswali, linaonekana ni shimo.

Jambo lingine: usiahidi kukadiria m, a na b kutokana na asilimia ya wagonjwa peke yake. Zinaingia kwenye mlinganyo wa watu kama zao m·a·b tu. Ukizidisha m mara mbili na kugawa b kwa mbili, x inabaki ileile kwa kila wakati. Kompyuta itakupa majibu hata hivyo, yenye desimali nne, na kila ukibadilisha mahali pa kuanzia itakupa mengine. Ili uzitenganishe unahitaji data za mbu: mtego kwa ajili ya m·a, na kupima damu tumboni mwa mbu ili kujua wangapi wameuma binadamu. Kipimo hicho cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Anopheles arabiensis anauma ng'ombe pia, kwa hiyo a yake ni ndogo kuliko ya Anopheles gambiae mwenyewe, na a inaingia kwa kipeo cha pili.

Vipimo viangaliwe. Nimekuta slaidi nyingi ambapo r ni kwa mwezi na μ ni kwa siku. Kwenye jedwali la parameta weka safu ya vipimo, na pembeni ya r = 0.01 kwa siku andika "wastani wa siku 100". Daktari hawezi kusahihisha 0.01, lakini siku 100 anaweza kukuambia mara moja kama zinaingia akilini.

---

hisabati_vitendo

Asanteni sana wakuu, na dada Bi_Takwimu ubarikiwe. Lile la 112.5 limenikaa kabisa. Nimeamua kiini kiwe umri wa mbu.

Mawili yamebaki. Nataka grafu moja ya wakati inayoonyesha upuliziaji mara mbili kwa mwaka, μ ikipanda ghafla siku ya kupulizia kisha ikirudi polepole. Natumia solve_ivp ya Python. Mara nyingine y inatoka hasi, na kuna upuliziaji ambao grafu ni kama haikuuona. Na pili, naomba mnisaidie kugawa dakika 45.

---

kodi_na_chaki

Hayo yote mawili yana sababu zinazojulikana.

Kuhusu y hasi: solve_ivp, usipoiambia kitu, inatumia njia ya RK45 na inavumilia kosa la rtol = 1e-3 na atol = 1e-6. Wakati wa kiangazi mbu wenye vimelea wakishuka hadi 1e-7, namba yako iko chini ya kosa linaloruhusiwa, hivyo alama yake haina maana. Weka rtol = 1e-8 na atol = 1e-12. Kama bado inasumbua, andika milinganyo kwa logi ya y badala ya y. Usikate kwa kulazimisha y hasi iwe sifuri ndani ya fanksheni. Hapo unabadilisha mlinganyo, na ugonjwa unaweza kufufuka kutoka mahali ambapo modeli yako ingeuzima, au kinyume chake.

Kuhusu upuliziaji usioonekana: programu inachagua hatua zake yenyewe. Kabla ya siku ya kupulizia mambo ni tulivu, inapiga hatua ndefu, na badiliko la ghafla inaweza kulivuka au kulikuta katikati ya hatua, ambapo hesabu ya kosa haiaminiki. Suluhisho safi ni kukata: endesha hadi siku ya kupulizia, simama, chukua thamani za mwisho ziwe za kuanzia, badilisha μ, endelea. Upuliziaji mara mbili kwa mwaka kwa miaka 5 ni vipande 11 ukianza kabla ya ule wa kwanza, kitanzi kifupi tu. Kuweka max_step = 1 nako kunasaidia lakini ni kupunguza tatizo.

Ukiamua kutumia ucheleweshaji kamili, solve_ivp haina uwezo huo. MATLAB wana dde23. Kwa Python, makundi 10 aliyoyaeleza MbuNaNamba yanatosha kwa semina: R0 inakuwa 86.7 badala ya 82.8, na μ ikizidishwa mara mbili inashuka mara 4.8. Taja tofauti hiyo kwenye maelezo ya grafu.

Grafu yenyewe: mistari yenye unene wa pointi 2 au zaidi, maandishi ya mihimili yawe na ukubwa sawa na maandishi ya slaidi, na tofauti za mistari zisitegemee rangi peke yake. Projekta za kumbi nyingi zinaifanya njano isionekane na kijani ifanane na bluu. Andika jina la mstari kwenye mstari wenyewe badala ya kijisanduku pembeni.

---

Mwl_Uchanganuzi

Kwa muda, ningegawa hivi. Dakika 10 za mwanzo bila mlinganyo hata mmoja: mzunguko wa vimelea kati ya mtu na mbu, Ross kuonyesha vimelea ndani ya mbu mwaka 1897 huko Secunderabad, kisha swali lako kwa sentensi moja: mbu nusu wakiondoka, au umri wa mbu ukipungua nusu, kipi kinazima malaria haraka? Waache na swali hilo. Watu wa afya wengi watakuwa na jibu lao tayari, na hilo linawafanya wasikilize milinganyo.

Dakika 15 zinazofuata ni za ubaoni: milinganyo miwili, mchoro, R0. Orodha ya parameta iandike upande wa kushoto wa ubao na usiifute hadi mwisho. Hii ni muhimu kuliko slaidi yoyote, maana msikilizaji akisahau c ni nini anageuza macho tu, harudishwi nyuma slaidi nane. Jua mapema kama skrini inafunika ubao inaposhushwa. Kumbi nyingi ziko hivyo, na mpangilio huu wote unaharibika.

Kisha dakika 12 za τ: 0.5 dhidi ya 0.368, joto, jedwali la unyeti. Mwisho dakika 8 za x* dhidi ya R0, Garki, na grafu yako ya upuliziaji. Hiyo ni 45, na slaidi hazizidi 14. Ukiona dakika ya 30 bado uko ubaoni, ruka makundi n, usiruke grafu ya x*. Kile kinachoweza kurukwa kiwekwe alama kwenye karatasi yako kabla.

Umeme ukikatika, mada hii inabebeka kwa chaki peke yake. Nakili kwenye karatasi namba nane: 82.8, 41.4, 20.7, 15.2, 7.6, na asilimia 97, 89, 79.

---

MbuNaNamba

Swali moja litaulizwa, jiandae: "Modeli inadhani watu wote wanaumwa na mbu sawasawa?" Ndiyo, inadhani hivyo. Watu wakitofautiana katika kuumwa, na mbu wakirudi kwa walewale, R0 inazidishwa kwa 1 + CV², CV ikiwa mkengeuko sanifu wa kuumwa ukigawanywa kwa wastani. CV² ikiwa 3, R0 yako inakuwa mara 4 ya wastani, yaani 331. Uchambuzi wa Smith na wenzake wa 2005 kwa data za Afrika ulikadiria kwamba asilimia 20 ya watu wanapata asilimia 80 ya maambukizi.

Atakayeuliza huenda akaendelea: basi tukiwakinga hao 20 tu? Jibu ni ndiyo kwa karatasi, mradi unaweza kuwatambua kabla, na mradi mbu waliozuiwa kwao wasihamie nyumba ya jirani. Sharti la pili linaangukia kwenye aina ya chandarua: chenye dawa inayoua kinapandisha μ, kisicho na dawa kinamsogeza mbu tu, na wasiokingwa wanaweza kuumwa zaidi. Slaidi ya hilo iandae, uiweke baada ya ile ya mwisho, na usiifungue mpaka uulizwe.